Programu ya Mkobani: Daftari la Chama kati ya Homa Bay na Migori

Leo tuzungumzie programu za kubebeka, yaani zile ambazo hazihitaji kusakinishwa kwenye kompyuta. Unazibeba kwenye flashi, unachomeka, unabofya, unafanya kazi yako, unachomoa na kwenda zako. Wengi hudhani siri yake ni kunakili folda ya programu kutoka diski C na kuibandika kwenye flashi. Jaribu uone. Mara nyingine itakubali, hasa ikiwa programu ni ndogo na mwandishi wake alikuwa mtu mwenye nidhamu. Mara nyingi zaidi utaletewa ujumbe kwamba faili fulani haikusajiliwa, programu ijifunge, na ubaki ukiitazama skrini huku dakika za saiba zikihesabika.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa mwaka 2011. Kulikuwa na chama cha akina mama wa biashara ya omena. Nusu walikuwa Homa Bay wakinunua mzigo ziwani, na nusu walikuwa Migori wakiuza sokoni, wengine wakifikisha mzigo mpaka Isebania mpakani. Walianza na nyoluoro ya kawaida, kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, wiki ijayo zamu ya mwingine. Pesa zilipoongezeka wakaanza kukopeshana kwa riba, na daftari la karatasi likawalemea. Mpwa wa mmoja wao, mwanafunzi wa chuo, akawaandikia programu kwa Visual Basic 6 yenye hifadhidata ya Access, ile ya MDB. Ilikuwa programu nzuri. Inajua nani amelipa, nani amechelewa, faini ni kiasi gani. Kisha kijana akapata kazi Nairobi, akaondoka, na programu ikabaki imesakinishwa kwenye kompyuta moja ya saiba mjini Migori.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Programu ilipangwa ihifadhi hifadhidata ndani ya folda yake yenyewe, kwenye diski C. Siku moja katibu alimaliza kuingiza malipo, akalipia muda wake, akaondoka. Aliyekalia kile kiti baada yake akaona ikoni asiyoifahamu, akaibofya. Jioni ile sokoni watu walikuwa wanataja jina la mama mmoja na deni lake, kiasi na miezi aliyochelewa. Mama yule hakurudi mkutanoni kwa muda mrefu, na wengine wawili wakaomba akiba yao. Chama cha namna hii hakina jengo wala wakili. Mtaji wake ni watu kuaminiana tu, na ule ulikuwa umetobolewa.

Katibu akanipigia simu. "Kijana wangu, naweza kuitembeza hii kitu mkobani kama daftari?"

Nikamwambia, "Inawezekana mama, nipe wiki mbili."

Sasa tuingie jikoni. Programu ya Windows huwa na makao zaidi ya moja. Kuna faili zake zenyewe. Kuna mipangilio yake, ambayo tangu enzi za Windows 95 Microsoft iliwahimiza waandishi waiweke kwenye rejista, ile hifadhi kuu ya mfumo, badala ya faili ndogo za INI. Kuna data ya mtumiaji. Na kuna takataka za njiani: faili za muda, orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni na kadhalika. Ukinakili folda umechukua makao ya kwanza tu. Kuifanya programu ibebeke ni kuyatafuta hayo mengine, kila moja lilipo, na kuamua lihamishwe, lifutwe au liachwe.

Kwa programu za Visual Basic 6 msako ni mwepesi, kwa sababu lugha yenyewe ina amri ya SaveSetting, na amri hiyo huandika mahali pamoja tu kwenye rejista ya mtumiaji: HKEY_CURRENT_USER, kisha Software, kisha VB and VBA Program Settings, kisha jina la programu. Nilifungua rejista nikaikuta palepale: njia ya hifadhidata, jina la kichapishi, mahali dirisha lilipokuwa kwenye skrini, na jina la mtumiaji wa mwisho.

Kisha nikachukua kizinduzi cha PortableApps.com. Kwa wasioijua, mradi ule ulianzishwa na John T. Haller, na mwanzo wake ni Firefox ya kubebeka mwaka 2004. Awali kila programu iliandikiwa kizinduzi chake kwa mkono, kwa NSIS. NSIS ni zana iliyotoka Nullsoft, wale wa Winamp, na kazi yake halisi ni kutengeneza visakinishi. Yaani zana ya kusakinisha ndiyo iliyotumika kukwepa kusakinisha! Mwaka 2010 kikaja kizinduzi cha jumla: huandiki msimbo tena, unaandika faili ya INI inayoeleza programu yako, halafu zana inakujengea kizinduzi chenyewe.

Muundo wa folda ndio nusu ya hekima. Juu kabisa kuna kizinduzi peke yake, tuseme ChamaPortable.exe. Chini yake kuna folda tatu: App, Data na Other. Ndani ya App zimo faili za programu zisizobadilika, pamoja na folda ya AppInfo yenye ikoni na faili iitwayo appinfo.ini, ambayo ni kama kitambulisho: jina la programu, toleo, mwandishi, leseni. Data ni ya mtumiaji, kila anachokiandika kinaingia humo na si kwingine. Other ni ya maelezo na msimbo. Ndani ya App kuna pia folda ya DefaultData: mtu akizindua mara ya kwanza na Data haipo, kizinduzi kinanakili DefaultData na kuifanya Data. Humo niliweka hifadhidata tupu yenye majedwali bila wanachama.

Uzuri wa kutenganisha App na Data niliuona baadaye kwa njia ambayo sikuipangia. Saiba za miaka ile zilijaa virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda zako na kuweka faili za EXE zenye picha ya folda. Flashi ya chama ilipata virusi mara kadhaa. Kila mara tulifuta App yote pamoja na kizinduzi, tukanakili upya kutoka kwenye CD niliyowachomea, na Data ikabaki ilivyokuwa. Dakika tano, kazi kwisha.

Faili inayoamuru uzinduzi inakaa ndani ya AppInfo, kwenye folda ya Launcher, nayo inabeba jina la kizinduzi: ChamaPortable.ini. Sehemu ya kwanza, Launch, inataja faili ya kuendeshwa na folda ya kufanyia kazi. Unaandika ProgramExecutable=Chama\Chama.exe, njia inayoanzia kwenye App. Angalia kwamba hakuna herufi ya diski hapo. Flashi hiyohiyo inaitwa E kwenye kompyuta hii, G kwenye ile, na kwenye saiba yenye vidude vingi vya kusomea kadi inaweza kuwa J. Ukiandika herufi ya diski popote umejifunga kamba mguuni.

Tatizo ni kwamba programu yenyewe ilikuwa imeandika njia kamili ya hifadhidata. Kwa hiyo kizinduzi kinapaswa kukumbuka herufi ya mara iliyopita na kuibadilisha. Kina maneno yake kwa ajili hiyo: %PAL:LastDrive% ni herufi ya jana, %PAL:Drive% ni ya leo, na unakiamuru kibadilishe moja kwa nyingine ndani ya faili ya mipangilio kabla ya programu kufunguka. Programu inaamka haijui hata kama imehama mji.

Kwa upande wa rejista, unawasha kwanza kwa kuandika Registry=true katika sehemu ya Activate, kisha unataja funguo chini ya RegistryKeys. Kazi inayofanyika ni ya kistaarabu kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa kompyuta ya mwenyeji tayari ina ufunguo wa jina hilohilo, kizinduzi kinauweka kando. Kinaingiza wa kwako kutoka kwenye Data. Programu inafanya kazi. Ukifunga, kizinduzi kinachukua ufunguo uliobadilika na kuurudisha kwenye Data, kinaufuta kwenye kompyuta, halafu kinarudisha ule wa mwenyeji mahali pake. Ni kama mgeni anayehamisha kiti ili akae, na akiondoka anakirudisha kilipokuwa.

Lakini haya yote yanategemea programu kufungwa vizuri. Stima ikipotea, au mtu akichomoa flashi kama anayechomoa chaja ya simu, mgeni ameondoka na kiti bado kiko katikati ya chumba. Kizinduzi kinaweka alama kwamba kilikuwa kazini, na kikizinduliwa tena kinajaribu kusafisha. Kama umezindua tena kwenye kompyuta ileile, sawa. Kama safari hii uko Homa Bay na mabaki yako Migori, hakuna kizinduzi chenye mkono mrefu kiasi hicho.

Zile OCX nazo zilinisumbua siku tatu. Jedwali la wanachama lilichorwa kwa kijenzi ambacho lazima kisajiliwe kwenye rejista ya kompyuta nzima, na kusajili kunataka haki za msimamizi. Saiba nyingi zilikuwa hazikupi haki hizo, na zile zilizokupa zilikuwa na Deep Freeze, kwa hiyo ukiwasha upya kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa asubuhi. Bahati nzuri tangu Windows XP, mwaka 2001, kuna njia ya manifesti: unaandika faili ya XML inayokaa kando ya programu, ikisema kijenzi fulani kipo hapahapa kwenye folda hii na kitambulisho chake ni hiki. Windows inaisoma manifesti badala ya rejista. Hakuna usajili, hakuna msimamizi. Ni teknolojia ambayo hata waandishi wengi wa Visual Basic hawakuitumia, na kwangu mimi ndiyo iliyookoa kazi nzima.

Katibu aliniuliza kwa nini isijifungue yenyewe flashi ikichomekwa. Swali zuri. Zamani ungeweka autorun.inf na kuitegemea. Ila virusi navyo viliipenda njia hiyohiyo. Conficker, iliyotokea mwishoni mwa 2008, ilienea kwa njia kadhaa na flashi ilikuwa mojawapo. Windows 7 ilikuja ikiwa imeizima kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuizima hata kwenye XP na Vista. Nikamwambia mama abofye mwenyewe. Akanijibu kwamba hata daftari halikuwa likijifungua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo maelezo mengi ya programu za kubebeka hayaligusi, na kwangu lilikuwa zito kuliko mengine yote. Si kila mpangilio unastahili kusafiri. Jina la kichapishi cha Migori likifika Homa Bay ni upuuzi tu, programu inatafuta mashine isiyokuwapo na kugoma kuchapa risiti. Mahali pa dirisha ni vilevile: skrini ya huku ni kubwa, ya kule ni ndogo, na dirisha linafungukia nje ya skrini, mtumiaji anadhani programu imekufa. Hivyo viwili niliviondoa kwenye mizigo, vianze upya kila kompyuta.

Kisha kuna kile kisichoandikwa popote kwenye programu bali kinaazimwa kutoka kwa mwenyeji: mpangilio wa tarehe. Kenya tunaanza na siku, kisha mwezi. Kompyuta nyingi za saiba ziliwekewa Windows na fundi aliyebofya endelea, endelea, endelea, kwa hiyo zilibaki na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Visual Basic ikipewa maandishi 05/04/2011 inayasoma kwa kufuata kompyuta iliyopo. Mkopo wa kulipwa tarehe 5 Aprili, ukiingizwa kwenye kompyuta ya namna hiyo, unakuwa wa tarehe 4 Mei. Siku 29 za bure. Kinyume chake mtu anatozwa faini kabla ya siku yake. Na mbaya zaidi, tarehe kama 25/04/2011 haiwezi kuwa mwezi wa ishirini na tano, kwa hiyo Visual Basic inajirekebisha kimyakimya na kuisoma sawa. Yaani baadhi ya tarehe zinakuwa sahihi na nyingine hapana, kwenye jedwali moja, bila onyo lolote. Juu ya hayo, ndani ya amri za hifadhidata za Access, tarehe iliyozungushiwa alama za reli husomwa mwezi kwanza popote ulipo duniani.

Nilipokagua jedwali la mikopo pamoja na mweka hazina, tukilinganisha na risiti za karatasi, tulikuta safu zilizogeuka namna hiyo. Chama kilikuwa tayari kimewatoza faini watu ambao hawakuchelewa. Walirudishiwa.

Kulikuwa na njia ya mkato. Kizinduzi kinaweza kuandika thamani kwenye rejista kabla ya programu kuanza, kwa hiyo ningeweza kubadilisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta ya saiba, kisha kuurudisha mwishoni. Nilikataa. Stima ikipotea katikati, mwenye saiba anabaki na kompyuta iliyobadilishwa bila ruhusa yake, na mteja wake mwingine anayejaza fomu yenye tarehe ndiye atakayelipia. Programu ya kubebeka ni mgeni, na mgeni hapangi upya nyumba ya watu. Nilimpigia yule kijana Nairobi, akanitumia msimbo chanzo kwa barua pepe, nikabadilisha programu yenyewe: siku, mwezi na mwaka vinaingizwa kwenye visanduku vitatu tofauti, tarehe inajengwa kwa DateSerial, na inahifadhiwa mwaka kwanza, kama 2011-04-05. Hakuna kompyuta inayoweza kuisoma hiyo vibaya.

Kulikuwa na suala la siri, ambalo ndilo lililoanzisha safari yote. Neno linalopendwa ni kwamba programu ya kubebeka haiachi alama. Si kweli, na ningependa watu waache kulisema. Windows XP na zilizofuata huweka kumbukumbu za programu zilizoendeshwa, kwenye folda ya Prefetch na kwingineko, na rejista hukumbuka flashi zilizowahi kuchomekwa. Na kama kompyuta ya saiba ina programu ya kunasa vitufe, nywila yako imekwenda hata flashi yako iwe safi kama ya sonara. Kinachozuiwa ni kile kilichotokea Migori: data yenyewe kubaki nyuma kwa yeyote anayeketi.

Halafu flashi yenyewe inaweza kupotea, tena kwenye matatu, pale Rongo ambapo watu wanabadilisha gari huku wameshika magunia. Nywila ya faili za MDB za miaka ile ilikuwa pazia tu, inavunjwa na programu za bure. TrueCrypt, iliyokuwapo wakati ule kabla ya kusitishwa mwaka 2014, ilikuwa na namna ya kubebeka, lakini ilihitaji kupakia draiva, na draiva inataka haki za msimamizi. Tumerudi palepale.

Mwenyekiti, mama ambaye hakuwahi kushika kipanya, ndiye aliyelitatua. Akauliza, "Kwani lazima iwe na majina?" Tukaondoa majina. Kwenye hifadhidata kila mwanachama akawa nambari, na orodha ya nambari na majina ikaandikwa kwenye daftari la karatasi linalokaa nyumbani kwa mwenyekiti, nakala moja kwa mweka hazina. Atakayeokota flashi atajua kwamba nambari 14 anadaiwa, basi.

Walipewa flashi mbili, moja ya kazi na moja ya nakala. Ya kazi ilikaa kwa katibu Homa Bay. Kila baada ya mkutano folda ya Data ilinakiliwa kwenye ile ya Migori, kamwe si kinyume chake, na hilo niliwasisitizia kwa kuifunga ile ya Migori utepe mwekundu.

Siku hizi chama hicho kinatumia simu, kama wengi wetu. Nikitazama faili ya APK ya Android naona mambo yaleyale kwa sura nyingine: AndroidManifest.xml inataja ikoni, toleo, na ni sehemu gani ya programu ifunguke mtu akibofya. Data inawekwa kwenye chumba chake ambacho programu nyingine haziingii. Kwenye Linux AppImage inakunja kila kitu ndani ya faili moja, yenye AppRun inayozindua na faili ya .desktop inayoeleza. Kwa hiyo ukiielewa ChamaPortable.ini hutapata shida kuzisoma hizo.

Kwa atakayetaka kujaribu kufungasha programu ya zamani, anzia hivi: piga picha ya rejista na folda zako kabla ya kuiendesha, iendeshe, bofya kila kitufe ilicho nacho, kisha linganisha. Halafu badilisha herufi ya flashi uone kama inaamka. Halafu badilisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta uwe wa Marekani na uingize 05/04. Hilo la mwisho usiliruke, hasa kama humo ndani kuna pesa za watu.